Dude la angani linalopasua kifua: lipi lingewezekana na lipi ni la filamu tu

Katika vyumba vya video vya komini za Kenya, Katuba na Kamalondo hapa Lubumbashi, kuna hadithi moja isiyochuja. Chombo cha anga kinatua kwenye sayari isiyo na mtu. Mfanyakazi mmoja anainamia kitu kama yai, yai linafunguka, kitu kinamrukia usoni. Wenzake wanamrudisha chomboni akiwa amezimia. Baadaye anaamka, anacheka, anaomba chakula, na pale pale mezani kifua kinampasuka. Kinachotoka si kikubwa kuliko panya. Kufikia asubuhi kimekuwa dude refu kuliko mlango, damu yake inatoboa vyuma, na watu wanaanza kuisha mmoja mmoja.

Zamani mambo haya yalibaki ukumbini. Mtu alilipa, akaogopa, akaenda kulala. Siku hizi vipande vinakatwa, vinawekewa sauti ya mtangazaji na kuingia WhatsApp kama habari: wamelikamata, Wamarekani wanalificha. Mwaka 2025 uvumi ulizidi, kwa sababu tarehe 1 Julai darubini iliyoko Chile iliona nyota-mkia iliyotoka nje kabisa ya mfumo wetu wa jua. Ikaitwa 3I/ATLAS, na mara maneno yakaenea kwamba ni chombo, na kwamba kina abiria. Ilipotukaribia zaidi, Desemba 19, ilikuwa umbali wa kilomita milioni 270 hivi, karibu mara mbili ya umbali wa kutoka hapa hadi kwenye jua. Ilikuwa barafu na vumbi. Ikapita zake.

Maswali yaliyochanganywa hapa ni mawili. Dude kama hilo lipo? Jibu ni fupi: hapana. Hadi leo hakuna kiumbe hai hata kimoja, hata kijidudu kisichoonekana kwa macho, kilichothibitishwa kuwepo nje ya dunia hii. Swali la pili ndilo lenye utamu: lingewezekana? Hapo watu hukosea kwa namna ya ajabu. Yale yaliyo kweli kabisa wanayacheka, na yale yasiyowezekana wanayapitisha bila hata kuuliza.

Anayekula na anayeliwa

Tuanze na majina. Kimelea ni kiumbe anayeishi juu ya kiumbe mwingine au ndani yake, akijilisha kwake na kumdhuru. Huyo anayeliwa huitwa mwenyeji. Karibu kila msomaji amewahi kuwa mwenyeji: malaria huletwa na kimelea, minyoo ya tumbo ni vimelea, chawa ni kimelea, tekenya naye vilevile. Hawa wote wana haja na uhai wetu. Watu hupenda kusema kimelea "anataka kutumaliza", lakini hesabu yake haiendi hivyo. Malaria huua, ndiyo, ila kifo cha mgonjwa hakimpi kimelea faida yoyote, kwa maana mbu hang'ati maiti.

Liko kundi la pili ambalo kwake kifo cha mwenyeji kimo ndani ya ratiba. Mama hutaga yai juu ya mdudu mwingine au ndani yake. Mtoto akianguliwa humla mwenyeji akiwa hai, polepole, na siku anayomaliza kukua ndiyo siku mwenyeji anakufa. Tuwaite vimelea wauaji. Wengi wao ni nyigu, wengine ni nzi, na aina zilizokwisha kutambuliwa ni makumi ya maelfu. Mwaka 1860 Charles Darwin alimwandikia rafiki yake Asa Gray, mtaalamu wa mimea huko Marekani, kwamba ameshindwa kujishawishi kuwa Mungu mwema angewaumba kwa makusudi nyigu wa kula viwavi wangali hai kutoka ndani. Na Darwin hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Alikuwa amekwisha kupasua wadudu wa kila aina.

Dude la filamu ni la kundi hili la pili. Kwa hiyo anayesema "kitu kama hicho hakiwezi kuwepo kwa sababu ni kinyume cha maumbile" amekosea tangu mwanzo. Maumbile yamejaa vitu vya namna hiyo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa nyigu mmoja wa kijani kinachong'aa, mwenye mapaja mekundu, urefu wake sentimita mbili hivi. Jina lake la kitaalamu ni Ampulex compressa, na anaishi katika nchi za joto za Afrika na Asia. Yeye huwinda mende, mende wale wale wakubwa wa jikoni. Humchoma mara ya kwanza kifuani, na kwa dakika chache miguu ya mbele ya mende inakosa nguvu. Muda huo mfupi unamtosha nyigu kufanya kazi yenyewe: anachoma mara ya pili, kichwani, na kwa mwiba wake anapapasa hadi aifikie sehemu ya ubongo inayompa mende hamu ya kutembea. Anamwaga sumu hapo.

Mende hapoozi. Ukimsukuma anatembea, ukimgeuza chali anajigeuza. Kilichoondoka ni hiari. Anasimama pale akijisafisha miguu huku nyigu akienda kutafuta shimo. Nyigu anaporudi humkata mende vipapasio katikati, hunywa kidogo majimaji yanayotoka, kisha humshika kwa kipande kilichobaki na kumwongoza hadi shimoni, na mende anafuata kwa miguu yake mwenyewe. Yai linawekwa kwenye mguu wake, mlango unazibwa kwa vijiwe. Mtoto akianguliwa hunyonya kwa nje kwanza, halafu hutoboa na kuingia. Mwaka 2013 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba akiwa ndani buu huyo hutapika majimaji yenye dawa za kuua vijidudu, akampaka mende wake kila upande, ili nyama isioze kabla hajaimaliza. Mwisho wake unaujua: mwili wa mende unatobolewa, nyigu mzima anatoka.

Waandishi wa filamu wameongeza nini hapo? Mimi sioni. Tena nyigu amewazidi, maana dude lao halimwongozi mtu kwa mkono hadi shimoni.

Hata kule kuamka na kuonekana mzima kuna wenzake. Yupo nyigu wa Brazil ambaye mabuu yake, makumi kwa mara moja, humtoboa kiwavi na kutoka ili wajisokotee vifuko vyeupe kando yake. Kiwavi, akiwa na matundu mwili mzima, hafi papo hapo. Anasimama juu ya vifuko hivyo na kuvilinda, akimrushia kichwa kila mdudu anayesogea, mpaka nyigu wachanga wanaporuka naye anakufa. Wanaookota viwavi vya kula katika misitu ya miombo iliyouzunguka mji wetu, wakimkuta kiwavi mzito, hali, hatembei, na vifuko vidogo vyeupe vimemganda mgongoni, basi yaliyompata ni ya ukoo huo huo.

Na kwetu sisi binadamu

Hakuna kimelea muuaji, wa kundi lile la pili, anayemla binadamu. Lakini wapo wanaokulia ndani ya mtu na kutoka kwa kutoboa ngozi, na mmoja wao yuko hapa mjini.

Ni nzi wa rangi ya njano iliyokolea, Cordylobia anthropophaga. Hutaga mayai kwenye udongo wa kivulini wenye harufu ya mkojo au jasho, na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa mahali pasipo jua. Mabuu wakianguliwa hukaa wanasubiri bila kula kwa siku kadhaa. Nguo ikivaliwa, joto la mwili linawaamsha, wanaingia ngozini bila maumivu ya maana. Kinachofuata kinaonekana kama jipu, ila jipu hili lina kitundu katikati, na ukitulia ukikitazama vizuri utaona ncha yenye vidoa viwili vyeusi ikipanda, ikishuka, ikipanda tena. Hapo ndipo anapopumulia. Ukikiziba kitundu kwa vaselini, pumzi inamwishia, anajisogeza juu mwenyewe, na hapo anaweza kutolewa taratibu: mweupe, mnene, zaidi ya sentimita moja, mwili umezungukwa na safu za vimiba vidogo vyeusi. Ukimkamua kwa nguvu kabla hajalegea unaweza kumpasua humo ndani, na kidonda kikaharibika. Asipoguswa hutoka mwenyewe baada ya siku 8 hadi 12, akaanguka chini na kujifukia.

Ndiyo sababu mama zetu hupiga pasi kila kitu, hata chupi na vitambaa vya mtoto, pande zote mbili na kwenye mishono. Wako vijana wanaodhani pasi ya makala ni ya kumpendezesha mtu aendapo misa. Na wako wanaoona jipu linalochezacheza wakamtafuta mchawi. Mara nyingi wanayemtafuta ni kamba ya kuanikia iliyofungwa kivulini.

Kimelea aliyekaribia dude la filamu kuliko wote ni mnyoo wa Gini. Mtu hunywa maji ya bwawa yenye viduduvidudu vilivyombeba, na kwa mwaka mzima hajui kitu. Kisha mguu unavimba lengelenge linalounguza kama moto, linapasuka, na mnyoo jike anaanza kutoka, mwembamba, urefu unaweza kufika mita moja. Huzungushwa kwenye kijiti, sentimita chache kwa siku, maana akikatika ni balaa. Mwaka 1986 dunia ilikadiriwa kuwa na wagonjwa milioni 3.5 wa mnyoo huyu. Leo wanahesabika kwa vidole, na Kongo yetu ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina tena ugonjwa huo Desemba 2022. Ushindi huo ulipita kimya kimya. Laiti ungesambazwa WhatsApp nusu tu ya vile vipande vya dude.

Ng'ombe, mchungaji na mgeni kutoka nyota nyingine

Sasa tuje kwenye lile ambalo hakuna anayeliuliza. Dude limetoka sayari ya mbali, halijawahi kumwona binadamu, na mara ya kwanza tu kumgusa linajua pa kuingilia, linajua kumnyamazisha, linajua kukua ndani yake. Hapa ndipo filamu inapotuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kuna ugonjwa wa ng'ombe unaoitwa nagana. Huletwa na kimelea mdogo wa seli moja anayesafiri na mbung'o. Mbung'o huyo huyo, mchana huo huo, humng'ata na mchungaji. Kimelea anaingia kwenye damu ya mchungaji, na anakufa. Damu yetu ina protini, wataalamu wanaiita APOL1, inayomwingia kimelea huyo na kumtoboa kutoka ndani hadi anavimba na kuisha. Ndugu zake wawili tu ndio waliopata njia ya kuikwepa protini hiyo, na hao wawili ndio wanaotuletea malale. Kongo ndiyo nchi yenye wagonjwa wengi wa malale kuliko nyingine yoyote, ingawa idadi imeshuka sana, na vidonge vya fexinidazole vilivyoidhinishwa mwaka 2018 vilijaribiwa kwa sehemu kubwa humu humu nchini.

Pima umbali huo. Ng'ombe na mchungaji wote ni wanyonyeshao, wote damu yao ni nyekundu na yenye joto, wanakunywa mto mmoja na kulala kijiji kimoja. Bado kimelea aliyezoea damu ya mmoja anafia kwenye damu ya mwingine kwa sababu ya protini moja. Basi mgeni ambaye hata maana ya damu haijui ataanzia wapi?

Kuwa kimelea ni kazi ya kufahamiana, na kufahamiana huko huchukua muda mrefu sana. Mnyoo wa kichocho huishi miaka ndani ya mishipa yetu kwa kujifunika vipande vya molekuli zetu wenyewe, hadi askari wa mwili wanapopita wanaona kama ni mwenzao. Kimelea wa malale yeye hubadili vazi: kinga ikishamtambua kwa vazi moja, wachache waliovaa jingine wanabaki na kuzaana, halafu jingine, na ana akiba ya mavazi zaidi ya elfu. Mbinu za namna hiyo hujengeka vizazi kwa vizazi, kwa kushindana na mwenyeji huyo huyo.

Wapo watakaonijibu kwa tekenya, na ni pingamizi zuri. Tekenya si mzaliwa wa Afrika. Alitoka Amerika ya Kusini, na kuja kwake hutajwa mwaka 1872, meli ilipotoka Rio de Janeiro na kufika Ambriz, pwani ya Angola. Kabla karne haijaisha alikuwa amekwisha kulivuka bara zima hadi Bahari ya Hindi, na mguu wa mtoto wa Katanga ukawa kwake sawa na mguu wa mtoto wa Brazil. Mgeni kamili, mbona alifaulu? Kwa sababu alivuka bahari tu. Kule alikotoka alikuwa akiishi kwenye nyayo za watu, nguruwe na mbwa, na huku alikuta watu, nguruwe na mbwa. Alibadili bara, mwenyeji akabaki yule yule.

Kuna kizuizi cha chini zaidi, cha kemia. Protini za kila kiumbe hapa duniani zimejengwa kwa vipande viitwavyo asidi amino. Karibu vyote vinaweza kuwa na umbo la kushoto au la kulia, mithili ya viganja vya mikono, na uhai wote wa hapa, kuanzia mtu hadi muhogo, hutumia yale ya kushoto. Hakuna ajuaye kama ilikuwa lazima iwe hivyo. Chombo cha Marekani OSIRIS-REx kilileta duniani Septemba 2023 takriban gramu 121 za vumbi la asteroidi (jiwe la angani) iitwayo Bennu, na ndani yake wataalamu walikuta aina 14 kati ya 20 za asidi amino tunazotumia. Zile zenye maumbo mawili zilikuwa nusu kwa nusu hivi, kushoto na kulia. Malighafi za uhai zimetapakaa angani, basi, lakini anga halikuchagua mkono. Dude ambalo uhai wake ulianza kwa mkono wa kulia lingewala mabaharia wote wa chombo, mafuta yao yangelifaa kiasi, na bado lingekufa kwa njaa ya protini huku tumbo limejaa.

Wengine husema: lakini kwa kuwa ni mgeni, kinga yetu haitalijua, kwa hiyo litatushinda. Hili nalo limesikika sana, hata kutoka kwa watu waliosoma. Kinga haihitaji kumjua adui kwa jina. Mwiba wa mti hauna jina, chuma alichowekewa mtu aliyevunjika mguu hakina jina, na mwili huvizingira vyote na kuvijengea ukuta. Hofu yenye maana ni nyingine kabisa. Bakteria wa pepopunda anaishi zake udongoni, hatuhitaji hata kidogo. Akiingia kidondani kwa bahati mbaya anaendelea na maisha yake, na sumu yake inatuua. Huyo hakuhitaji kufahamiana na mtu. Kitu kutoka nje kinachohitaji maji, joto na chumvi peke yake kingeweza kutudhuru namna hiyo, pasipo kukusudia. Ndiyo maana wanaanga wa Apollo 11 walitengwa siku 21 mwaka 1969 walipotoka mwezini, na desturi hiyo haikuachwa mpaka baada ya Apollo 14, mwaka 1971.

Damu ya asidi, kwa watu wanaoijua asidi

Katika miji mingine labda ningelazimika kueleza asidi ni nini. Hapa tunapishana nayo barabarani. Malori ya tangi yanaingia Kasumbalesa kutoka Zambia, yanapita kuelekea Likasi na Kolwezi, na kazi ya asidi hiyo ni kuichomoa shaba kwenye mawe. Ajabu moja: asidi ile kali kabisa husafirishwa ndani ya tangi la chuma. Ikiwa nzito hujitengenezea utando juu ya chuma na kusimama hapo. Ni ile iliyochanganyika na maji inayokitafuna.

Kwa hiyo damu inayodondoka na kutoboa sakafu tatu mfululizo ni mchezo wa taa na rangi. Asidi inapokula chuma nayo inaliwa. Lita moja ya asidi ya salfa iliyo kali kabisa, hata ukiipa maji na muda wa kutosha, haiwezi kumaliza zaidi ya kilo moja hivi ya chuma. Kwenye bamba la unene wa sentimita moja hilo ni tundu moja la upana wa sentimita 13, nalo lingechukua saa nyingi. Sakafu ya pili haiguswi.

Lakini kuwa na asidi mwilini, hilo sikatai. Tumbo la kila mtu lina asidi, na linajilinda kwa ute na kwa kubadilisha ngozi yake ya ndani kila baada ya siku chache. Kuna mwani wa baharini, Desmarestia, unaotunza asidi ya salfa ndani ya seli zake. Ukiuvuna unajiunguza wenyewe pamoja na jirani zake. Kama ningepewa kazi ya kulibuni dude, ningeiga mbawakawa mmoja anayejulikana kwa kurusha maji ya moto: hutunza vimiminika viwili vilivyotulia kwenye vifuko tofauti, na akishikwa huvichanganya hapo hapo, vikachemka karibu na nyuzi 100 na kumrukia adui. Damu ya namna hiyo isingemdhuru mwenyewe. Ingegeuka kuwa moto pale tu inapomwagika.

Nisilolikubali kabisa ni kukua kwake. Panya jioni, jitu asubuhi, na katikati halikula kitu. Mama akiwa na kikombe kimoja cha unga hawezi kusonga bukari ya watu kumi, hata akiwa fundi namna gani. Na mwili ni vivyo hivyo, kila kilo ya nyama imetoka mahali. Ndama wa nyangumi wa buluu, bingwa wa kukua, huongeza kilo 90 hivi kwa siku, lakini kwa kunyonya maziwa mazito mchana na usiku. Na hapo filamu inapingana na kundi lake yenyewe. Kimelea muuaji wa kweli hamwachi mwenyeji akiwa na nyama. Humla karibu yote, ndiyo maana anatoka akiwa amemkaribia kwa ukubwa. Dude lingefuata kanuni, lingekaa ndani ya yule mtu majuma, yeye akikonda huku akila kwa watatu, na siku ya kutoka lingetoka na makumi ya kilo likiacha ngozi. Sijui kwa nini hakuna aliyeitengeneza filamu hiyo. Ingetisha zaidi.

Yai linalosubiri karne nzima mahali pakavu, hilo wapewe. Nchini Nigeria kuna kiluwiluwi wa usubi, Polypedilum vanderplanki, anayeishi kwenye vidimbwi vya mvua juu ya miamba. Kidimbwi kikikauka naye anakauka, maji ya mwilini yanabaki asilimia tatu hivi, sukari maalumu ikishika nafasi yake. Amekaa hivyo hadi miaka 17 na kuamka alipotiwa maji. Na wale wadudu wadogo sana wanaoitwa tadigradi walipelekwa angani mwaka 2007, wakawekwa nje kwenye utupu usio na hewa, wakarudi na baadhi yao wakazaa.

Ukiniuliza basi kiumbe cha angani chenye kuaminika zaidi kingekuwaje, singetafuta kinywa wala meno. Mwaka 2004 gari la Opportunity lilikuta kwenye sayari ya Mars jarositi, madini ya chuma na salfa yanayoumbika kwenye maji yenye asidi. Hapa kwetu, kwenye maji mekundu yanayochuruzika kutoka kwenye mabaki ya migodi, wanaishi bakteria ambao chakula chao ni hicho hicho, chuma na salfa. Asidi wanaitengeneza wenyewe na kuogelea ndani yake, huku wakiizuia isijae ndani ya seli kwa kuisukuma nje bila kupumzika. Mgeni wa ukoo huo akitua Lubumbashi hangekuwa na haja na kifua cha mtu yeyote. Angewapita watu wote sokoni, akatafuta rundo la mawe upande wa Likasi, na kuanza kula, milimita kwa mwaka.